Meza ya Bi Leah

Mwezi uliopita ukurasa huu ulichapa barua ya msomaji wetu wa Dodoma aliyesoma New Orleans, Marekani, na ambaye hajamsahau mwenye hoteli mmoja wa huko, Bi Leah Chase, aliyekuwa akipita meza hadi meza kuwajulia hali wageni wake. Nafasi haikututosha kumjibu, na kabla toleo hili halijaenda mtamboni yalikuwa yameshafika maswali mengine matatu juu ya mwanamke huyo huyo. Tumeyaweka pamoja, na barua ya kwanza tunairudia kwa kifupi.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Nilikaa New Orleans mwaka 2013 na 2014 nikisomea afya ya jamii. Juma la kwanza sikula kitu cha maana, kwa kuwa kila nilichonunua kilikuwa cha baridi na kimefungwa kwenye karatasi. Dada mmoja Mkongo niliyesoma naye alinihurumia, akanipeleka kwenye hoteli iitwayo Dooky Chase's katika mtaa wa Treme. Tulijipakulia wali, maharage mekundu na kuku wa kukaanga ambaye ngozi yake ilikuwa ikilia mdomoni. Kabla hatujamaliza akatoka jikoni bibi mzee sana, amevaa koti la mpishi na kofia ya chepeo, akijikongoja kutoka meza moja hadi nyingine. Alipofika kwetu aliziangalia kwanza sahani zetu, ndipo akatuangalia sisi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na desturi hiyo hiyo, nami nilitokwa na machozi mbele ya watu. Mume wangu, kila ninapoisimulia habari hii, husema yule alikuwa mama ntilie tu aliyepata bahati. Naomba unieleze alikuwa nani hasa, na kwa nini alipofariki mji mzima ulimlilia.
Msomaji, Dodoma

JIBU: Dada yangu, shemeji yetu mpe nusu ya haki yake. Neno mama ntilie halina aibu yoyote, na Bi Leah Chase mwenyewe, kwa jinsi alivyojivunia kazi ya jikoni hadi uzeeni, nadhani angelipokea kwa kicheko. Nusu iliyobaki ndiyo itakayohitaji maelezo.

Alizaliwa tarehe 6 Januari 1923, akakulia Madisonville, mji mdogo ulio ng'ambo ya ziwa kutoka New Orleans, katika nyumba yenye watoto wengi iliyotegemea bustani ya mboga na shamba la stroberi. Mji ule haukuwa na sekondari ya Kikatoliki iliyopokea watoto weusi, kwa hiyo wazazi walimpeleka New Orleans akasome huko. Alipomaliza shule alishika kazi nyingi, zikiwamo mbili ambazo hungezitarajia kwa mpishi: aliwahi kuwasimamia mabondia wawili wa ridhaa, na aliwahi kuandika ubao wa mbio za farasi kwa ajili ya wacheza kamari. Kazi iliyomgeuza, hata hivyo, ilikuwa ya kuhudumia meza katika hoteli moja ya French Quarter, ule mtaa wa kale wa mji. Binti yule alikuwa hajawahi kuingia hotelini akakaa kula, na kwa taratibu za ubaguzi wa wakati huo asingeruhusiwa kuketi kwenye meza zile zile alizokuwa akizifuta. Aliona vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi, bilauri zinazong'aa na visu vilivyopangwa kwa mstari, na akatamani watu wake nao wakalishwe hivyo.

Mwaka 1946 aliolewa na Edgar Chase, mpiga tarumbeta mwenye bendi yake, ambaye kama baba yake aliitwa kwa jina la utani la Dooky. Wakwe ndio waliokuwa na hoteli. Waliifungua mwaka 1941 kwenye kona ya barabara ya Orleans, ikiuza tiketi za bahati nasibu na ile mikate mirefu ya kujazwa nyama au chaza ambayo wenyeji huipenda mno. Siku ya Ijumaa ukumbi ulifurika kwa sababu isiyohusu chakula. Wafanyakazi weusi waliolipwa kwa hundi hawakuwa na benki ya kuwasikiliza, basi walikwenda kwa kina Chase, ambako hundi ilipokewa na pesa taslimu ikahesabiwa mkononi; mtu akishapata mshahara wake akaagiza mkate na kinywaji, akakaa kuzungumza. Waliokulia miji yetu watalielewa jambo hili bila kuelezwa sana. Huko Tanga nilikokulia kulikuwa na mzee wa mgahawa aliyekuwa na daftari lenye jalada jeusi, ambamo makuli wa bandarini waliandikiwa chai na maandazi ya wiki nzima, na mzee yule hakuwahi kulifungua daftari lake mbele ya mtu wa tatu. Nimesahau bei zake zote, lakini jinsi alivyokuwa akiligeuza kifudifudi juu ya kaunta kila mteja mwingine alipoingia, hiyo ninaiona hata sasa.

Bi Leah aliingia katika hoteli hiyo akiwa mkaza mwana, na kila msomaji wa kike anajua uzito wa kuingia jikoni mwa mama mkwe ukiwa na mawazo mapya. Alidumu, na polepole mkate wa kujazwa ukapata majirani: supu ya kaa, kamba, kuku wa kukaanga na ule mchuzi mzito uitwao gumbo, yaani vyakula vya nyumbani kwao vya Kikrioli (mchanganyiko wa mapishi ya Kiafrika na ya Kizungu), vikiandaliwa kwenye meza zenye vitambaa vyeupe. Hapa ndipo ninapoachana na shemeji. Mama ntilie hulisha watu wenye njaa, na hilo ni jambo kubwa, lakini Bi Leah aliwatandikia meza watu ambao mji wote ulikuwa umewaambia kwamba meza ya namna hiyo si yao. Mwalimu mweusi aliyetaka kumpeleka mkewe kula usiku wa kumbukumbu ya ndoa yao alikuwa na mahali pachache mno pa kwenda, na hapo palikuwa pamojawapo.

Tena kumbuka ni mji gani huu. Treme ndiko alikoishi Homer Plessy, fundi viatu aliyekamatwa mwaka 1892 kwa kukaa katika behewa la Wazungu. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, nayo mwaka 1896 ikahalalisha ubaguzi wa rangi nchi nzima. Sheria zilizotokana na fikra hiyo zilikataza watu weusi na weupe kula pamoja ukumbi mmoja. Katika miaka ya 1950 na 1960, kwenye chumba cha ghorofani cha Dooky Chase's, walikaa pamoja hata hivyo. Wanasheria weusi wakiongozwa na A. P. Tureaud walipangia kesi zao hapo. Thurgood Marshall, aliyekuja kuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama Kuu, alikula hapo, na Martin Luther King vilevile. Vijana waliopanda mabasi mwaka 1961 kuvunja ubaguzi wa kusafiri, wakapigwa njiani, walilishwa hapo. Kila mtu mjini alijua kinachoendelea, polisi wakiwamo, lakini kuwatoa watu kwa nguvu katika hoteli iliyopendwa kiasi kile kungeleta fujo ambayo serikali ya mji haikuitaka. Walikuwapo waliochukia, wakati mmoja lilirushwa bomu la kienyeji, na bahati nzuri halikuua mtu. Bi Leah alipokuwa akisimulia miaka hiyo hakujiita mwanaharakati. Alisema kazi yake ilikuwa kuwalisha, na kwamba mabadiliko ya nchi yalizungumzwa juu ya bakuli za gumbo.

Umeuliza pia kwa nini mji ulilia. Alifariki tarehe 1 Juni 2019 akiwa na miaka 96, na karibu hadi mwisho alikuwa bado akienda jikoni. Mtu aliyekula kwake akiwa mtoto mwaka 1950 aliweza kumpeleka mjukuu wake mwaka 2015 na kumkuta mpishi yule yule. Huenda uliziona pia picha zilizojaa kutani. Zilikuwa kazi za wasanii weusi kama Jacob Lawrence na Elizabeth Catlett, alizoanza kuzikusanya wakati majumba mengi ya sanaa hayakuwajali, hata ukumbi wake ukawa mahali ambapo mtoto wa mtaani aliona sanaa ya watu wa rangi yake huku akimalizia kuku. Yeye mwenyewe alichorwa na Gustave Blache, na picha moja inayomwonyesha akikata maboga jikoni imewekwa katika jumba la taifa la picha za watu mashuhuri huko Washington. Alimtania mchoraji kwamba angeweza kumfanya afanane na Halle Berry, mwigizaji mrembo wa sinema, lakini akaamua kumchora alivyo.

SWALI: Mhariri, nimesikia vijana wakibishana kijiweni kwamba kuna mama aliyemchapa Barack Obama mkono kwa sababu ya pilipili. Ni kweli au ni maneno ya mtandaoni?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ni kweli kwamba alimkemea, na aliyemkemea ni Bi Leah. Mwaka 2008, Obama akiwa mgombea urais, alifika Dooky Chase's, akawekewa gumbo, naye kabla hata ya kuionja akainyunyizia pilipili ya chupa. Kwa mpishi aliyesimama jikoni tangu alfajiri hilo ni tusi, uwe mgombea au uwe nani. Ni sawa na mgeni anayewekewa pilau kwa mara ya kwanza nyumbani kwako, akaomba chumvi wakati kijiko bado kiko mezani. Kuhusu kuchapa mkono, kila msimulizi ana kipimo chake. Rais George W. Bush naye alilishwa hapo, na mwanamuziki Ray Charles aliitaja hoteli hiyo katika wimbo wake mmoja.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Katika barua ya mwezi uliopita dada yetu alitaja mchuzi wa majani unaopikwa hotelini hapo siku ya Alhamisi Kuu. Mimi ni mwanachama wa jumuiya ndogo ndogo, na tungependa kuupika Kwaresima ijayo. Je, unaweza kupikwa kwa mboga zetu?
Msomaji, Moshi

JIBU: Milele amina. Unapikika, na pengine kwetu ni rahisi kuliko kwao, maana wao huzunguka soko zima kutafuta kile ambacho mama wa sokoni Moshi anakupangia mafungu mbele ya kikapu kimoja.

Kwanza jina. Gumbo ni neno la ndugu zetu. Katika lugha za Kibantu za upande wa Angola bamia huitwa kingombo, na watu waliouzwa utumwani walivuka nalo bahari hadi Louisiana, jimbo ulimo mji wa New Orleans, likabaki kuwa jina la mchuzi. Sisi tulioachwa huku tunaitumia bamia kwa jina lililotoka Uarabuni! Gumbo ya kawaida mara nyingi huwa na bamia, na msomaji wa Dodoma aliyezoea mlenda hawezi kushangazwa na uteute wake. Gumbo ya majani, kinyume na jina lake, haina bamia kabisa.

Bi Leah alitumia majani ya aina tisa. Idadi lazima iwe witiri, yaani isigawanyike kwa mbili, na wenyeji husema kila aina ya jani ni rafiki mpya utakayempata mwaka huo. Gumbo yake ilikuwa na majani ya haradali, sukuma wiki, figili nyeupe, biti, karoti, kabichi, spinachi, saladi na jani moja la majini lenye ukali kidogo. Kwenu ningechagua sukuma wiki, mchicha, majani ya maboga, majani ya kunde, matembele, kabichi, majani ya biti, majani ya karoti na saladi. Kisamvu kiache, kwa sababu kinataka kutwangwa na kuchemka peke yake kwa muda mrefu, na kitawachelewesha wenzake wote. Majani ya maboga yamenywe nyuzi zake kwa subira, bua kwa bua, kwani uzi mmoja ukibaki mtu ataung'ata mbele ya padre.

Osheni majani maji matatu au manne hadi mchanga uishe chini ya beseni, yachemsheni pamoja na vitunguu maji na kitunguu saumu hadi yalegee, kisha yachujeni. Maji hayo msiyamwage, ndiyo mchuzi wenyewe. Majani yakatwekatwe au yasagwe yawe laini. Nyama huwa za aina kadhaa, na kwao nyingine ni za nguruwe za kukaushwa kwa moshi. Mkiwa na wageni Waislamu tumieni nyama ya ng'ombe ya mchuzi, kidari, na soseji za ng'ombe, mkitafuta na kipande kilichokaushwa kwa moshi ili ile harufu isipotee. Chemsheni nyama katika sehemu ya maji yale ya majani. Soseji za pilipili zikaangwe kando zitoe mafuta, ndani ya mafuta hayo mtie unga wa ngano vijiko vitano hivi vya mezani kwa sufuria kubwa, mkoroge bila kuondoka hadi unga upoteze ubichi, kisha mwunganishe kila kitu na kuacha kichemke kwa moto mdogo muda wa saa moja, pamoja na majani ya zaateri, chumvi na pilipili ya unga. Wao humalizia kwa unga wa majani ya mti wa sasafrasi, ujuzi waliojifunza kwa Wachoctaw, wenyeji wa asili wa nchi ile. Hapa haupatikani, na mchuzi utakuwa mzito wa kutosha bila huo. Pakueni juu ya wali mweupe.

Sababu ya nyama nyingi namna hiyo mwanakwaresima anaijua: kesho yake ni Ijumaa Kuu, na nyama haitaguswa. Siku ya Alhamisi Kuu Dooky Chase's hujaa watu wanaokuja mwaka baada ya mwaka, na familia imeendelea kuupika baada ya bibi kuondoka.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mama yangu alikuwa na mgahawa karibu na stendi ya mabasi, akafariki mwaka jana, nami nikaufunga. Sasa nataka kuufungua tena. Marafiki wananishauri nibadili kila kitu, niweke baga na piza, kwa sababu vijana hawataki tena supu na chapati. Nilisoma kwamba hoteli ya Bi Leah nayo iliwahi kufungwa. Waliifufuaje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Ilifungwa kwa miaka miwili. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipiga, kuta za kuukinga mji na maji zikapasuka, na maji yakaingia hotelini. Bi Leah alikuwa na miaka 82, umri ambao hakuna mtu angemlaumu kwa kustaafu. Mjukuu wake alifanikiwa kuziondoa zile picha za kutani. Bibi na mumewe wakahamia katika tela la msaada wa serikali lililoegeshwa ng'ambo ya barabara, wakawa kila asubuhi wanafungua mlango wanaiona hoteli yao imekaa kimya mbele yao.

Wenye hoteli wenzake wa mjini, ambao kwa hesabu ya biashara walikuwa washindani wake, waliandaa chakula cha mchana cha Alhamisi Kuu mwaka 2006, gumbo ya majani kwa mapishi yake, wageni wakalipa kati ya dola 75 na 500 kwa kila mtu, zikapatikana dola 40,000. Mwaka 2007 milango ikafunguliwa tena. Jambo ninalotaka ulitazame ni kwamba hakufungua hoteli nyingine. Ilikuwa kona ile ile, yenye gumbo na kuku wale wale.

Alijifunza hilo mapema, na kwa gharama. Alipoanza kazi kwa wakwe zake alitaka kuwapikia wateja kambakochi kwa mtindo wa Kifaransa, na mchuzi wa krimu, kama alivyokuwa ameona kwenye hoteli za Wazungu. Wateja walimwona kama amerukwa na akili. Aliiacha kambakochi lakini hakukiacha kitambaa cheupe, na nadhani hapo ndipo ulipokuwa ujanja wake wote: alibadili namna mtu anavyokalishwa mezani, akamwachia chakula anachokijua. Piza unaweza kuiuza siku moja ukiona watu wanaiulizia, sikukatazi. Kwa mwezi wa kwanza, hata hivyo, ningepaka ukuta rangi, ningenunua meza zisizoyumba, na supu ningeipika saa ile ile aliyoipika mama yako.

Na kabla ya kununua chochote, keti na yule msichana aliyekuwa akimsaidia mama yako kupakua, kama bado yuko Morogoro. Mwombe akutajie wateja wa alfajiri, makondakta, wapiga debe na wauza magazeti, na kwa kila mmoja akuambie alikuwa akiwekewa nini kabla hajaagiza: nani chapati mbili, nani moja na nusu, nani supu bila pilipili. Yaandike yote, kisha siku ya kufungua wapelekee ujumbe hao kwanza.